Kwacha na Shilingi: Ukweli kuhusu wale mbwa wawili wa Tunduma, na kwa nini siku hizi anaonekana mmoja

Kama ni mtu wa mitandao na unafuatilia watu wa Nyanda za Juu Kusini, lazima umeshakutana na zile klipu. Mbwa wawili majike, mmoja mweusi mwenye soksi nyeupe miguuni, mwingine wa rangi ya udongo, wamekaa kulia na kushoto kwa katoto ka kike kanakokula muwa. Wametulia kama mabaunsa wa klabu. Mweusi anaitwa Kwacha, wa udongo anaitwa Shilingi. Kwa mji wa mpakani kama Tunduma, ambako ukivuka barabara tu upo Nakonde, Zambia, na pesa za nchi mbili zinazunguka soko moja, majina hayo yalikuwa yanajiuza yenyewe. Ukimkuta mweusi kapanda kwenye kochi na mwenzake yuko chini, komenti zinamiminika: "Leo Kwacha kapanda, Shilingi kashuka!"

Sasa ni miezi kadhaa anaonekana Shilingi peke yake. Maneno yakaanza. Wapo waliosema Kwacha kauzwa ng'ambo. Wapo waliosema kagongwa na lori. Wapo waliokwenda mbali zaidi wakasema ndoa imevunjika, wanandoa wamegawana mbwa kama wanavyogawana sofa. Dada mwenyewe, ambaye anauza nguo za watoto sokoni, alikaa kimya. Akiulizwa anaweka kaemoji ka moyo, basi.

Ukweli hauna mauzo wala lori. Ni kwamba wale mabaunsa walikuwa wameshindwa kukaa chumba kimoja bila kumwaga damu, na familia nzima ilikuwa inaishi kwa zamu.

Walivyofika mjini

Mume wa dada huyu ni dereva wa malori ya masafa. Anatoka Dar, anavuka Tunduma, anaingia Zambia, wakati mwingine anafika hadi Lubumbashi. Mwanamke anabaki na mtoto mchanga kwenye nyumba ya kupanga yenye uzio wa mabati. Siku moja wezi wakaingia uani wakabeba jiko la gesi na nguo zote za kwenye kamba. Hapo ndo wazo la mbwa lilipozaliwa.

Kwao dada ni Ikinga, wilayani Ileje, kule milimani kuelekea mpaka wa Malawi. Mama yake mzazi anaishi huko na shamba lake la mahindi, maharage na kahawa kidogo, na alikuwa na mbwa jike aliyezaa watoto sita. Wazo lilikuwa kuchukua mmoja. Lakini walipofika, madume yote yalikuwa yameshachukuliwa, kama kawaida. Kijijini mtu akija kuomba mbwa anaomba dume, kwa sababu jike "ataniletea watoto." Wamebaki majike wawili, wamelaliana kwenye gunia.

Mama akasema, "Mwanangu, ukichukua mmoja atalia usiku kucha. Wachukueni wote, ni ndugu, watatunzana."

Hakuna aliyebisha. Nani angebisha? Ndugu wa tumbo moja, wote wa kike, wamenyonya pamoja. Ukimwambia mtu yeyote mtaani kwamba hao ndio watakaokuja kutaka kuuana, angekucheka.

Mwaka wa kwanza ulikuwa raha tupu. Walilala pamoja, walikula sinia moja la ugali wa dona na dagaa, walibweka pamoja, wakafukuza vibaka pamoja. Wakachanjwa kichaa cha mbwa, kadi zao zipo. Dada akaanza kuwapiga picha na biashara ikachangamka. Watu walikuja kibandani kwake wakiuliza, "Ni wewe dada wa Kwacha na Shilingi?" Wananunua gauni la mtoto, wanaomba kuonyeshwa klipu mpya. Mbwa wakawa sehemu ya jina lake mjini.

Kilichobadilika

Walipofikisha kama mwaka na miezi miwili, Kwacha akaanza tabia moja ya ajabu. Anasimama mlangoni. Habweki, hang'ati, anasimama tu katikati ya mlango wa jikoni, shingo imekaza, mkia juu, anamwangalia mwenzake. Shilingi anageuza uso, anazunguka nyumba nzima ili apite dirishani.

Dada aliona ni kichekesho. Akarekodi, akaandika, "Dada mkubwa hataki mtu jikoni kwake." Watu wakacheka. Mpaka leo anasema ile klipu ndiyo inayomuuma kuliko zote, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinaonekana pale: mwili uliokakamaa, macho yasiyopepesa, mwenzake anajilamba midomo kwa woga. Maelfu ya watu waliiangalia na hakuna aliyeona ugomvi. Waliona vituko.

Kisha Shilingi akaingia kwenye joto. Madume ya mtaa mzima yakahamia getini, yanalala hapo usiku kucha. Wiki hiyohiyo wakapigana kwa mara ya kwanza, juu ya mfupa wa supu. Sekunde chache tu, kelele nyingi, sikio likachanika kidogo. Baada ya wiki mbili wakapigana tena, safari hii hapakuwa na mfupa. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda anamkuna Shilingi kichwani. Kwacha akaja, akaingiza kichwa katikati, na vita ikaanza palepale miguuni pake.

Mtaani kila mtu ana jibu lake. Jirani mmoja alisema wamelishwa pilipili na wabaya. Mwingine akasema ni bangi. Bibi mmoja wa nyumba ya pili akashauri aangalie vizuri nani amemtembelea karibuni, maana mbwa wanaona mambo ambayo watu hatuoni. Na wanaume wa kijiweni wakamaliza kwa ile ya kila siku: "Majike wawili nyumba moja? Ndo wanawake walivyo."

Siyo uchawi, wala siyo "wanawake walivyo"

Ukweli ni wa kawaida zaidi ya hapo. Mbwa wakiwa wadogo hawana cha kugombea. Wakishakomaa kiakili, kati ya mwaka mmoja na mitatu, kila mmoja anaanza kuangalia nani anapata nini: chakula, mahali pa kulala, mlango, na zaidi ya vyote, mkono wa binadamu wao. Mbwa wa jinsia moja wanagongana zaidi kwa sababu wanachokitaka kinafanana. Na ndugu wa tumbo moja wana tatizo la ziada ambalo watu hawalifikirii: wana umri uleule, mwili uleule, nguvu zilezile. Hakuna mkubwa wa wazi ambaye mwenzake anampisha. Kila siku ni mechi ya sare.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha uchunguzi wa jozi 38 za mbwa wanaopigana ndani ya nyumba moja. Asilimia 79 ya jozi hizo zilikuwa za jinsia moja, na zaidi ya nusu ya jozi zote zilikuwa na jike angalau mmoja. Mara nyingi aliyeanzisha alikuwa yule mdogo au yule aliyeletwa baadaye. Na vichochea ugomvi vilivyoongoza vilikuwa viwili: chakula, na kugombea umakini wa mwenye nyumba. Soma tena hapo. Kuwakuna kichwani tu kunaweza kuwa chanzo cha vita sawasawa na mfupa.

Madume nao wanapigana sana, hasa kukiwa na jike kwenye joto hapo karibu. Ila ugomvi wao mara nyingi una kelele kubwa na majeraha madogo, na kuwahasi kunaweza kusaidia. Kwa majike, wataalamu wa tabia za wanyama wanaonya kwamba wakishaanza huwa hawaachi kirahisi. Wanakumbuka. Kuwafunga kizazi kunaondoa zile siku za joto na kuondoa mimba zisizotarajiwa, lakini hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba kutarudisha urafiki.

Hata porini iko hivyo. Mbwa mwitu wa Ruaha wanasifika kwa upendo, wanalishana, wanahudumia aliyeumia. Lakini kwa kawaida kwenye kundi zima jike anayezaa ni mmoja, mkubwa wao. Mwingine akijaribu kuzaa, watoto wake wanaweza kuuawa. Mbwa wa nyumbani si mbwa mwitu, hilo lieleweke, lakini ile dhana kwamba undugu unatosha kuleta amani haipo hata huko.

Jioni gari iliporudi

Siku yenyewe ilikuwa siku ya furaha. Mume alikuwa amekwama kwenye foleni ya malori upande wa Zambia kwa siku nne, hatimaye akavuka. Jioni akasikika anagonga geti. Mbwa wote wawili wakachomoka kwa pamoja, wanalia kwa furaha, wanarukiana. Getini pale ni pembamba. Bega likagonga bega.

Kilichofuata hakikuwa kelele. Dada anasema hilo ndilo lililomtisha, kwamba safari hii walikuwa kimya. Kwacha alikuwa ameshika shingo ya mwenzake na hatingishiki. Mtoto, ambaye sasa ana miaka miwili, alikuwa ametoka mlangoni akipiga makofi, anadhani wanacheza.

Mama yeyote angefanya alichofanya. Alimwona mtoto anawasogelea, akaruka, akaingiza mikono katikati. Alipoitoa, mkono wa kulia ulikuwa umetobolewa sehemu tatu. Nani kati yao aliyemng'ata, hajui mpaka kesho. Mume akamwaga ndoo nzima ya maji, akatupa blanketi juu yao, akamvuta Kwacha miguu ya nyuma mpaka akaachia.

Na hapa mume anastahili pongezi. Hakupaka mafuta ya taa, hakupaka kahawa, hakufunga na kitambaa. Alimshika mkewe mkono akauweka chini ya bomba, sabuni ya kipande na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa saa ya simu. Kisha hospitali usiku uleule. Kadi za chanjo za mbwa zikaenda nazo. Dada akaanzishiwa sindano, na wale mbwa wakawekwa chini ya uangalizi wa siku kumi kuona kama kuna dalili yoyote. Hazikuonekana. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi Afrika na Asia, na dalili zikishaanza kuonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Kwa hiyo hata mbwa akiwa wako, umemlea mwenyewe, kakung'ata: sabuni, maji, hospitali. Usijadiliane na mtu.

Waliporudi nyumbani, saa sita usiku, mume alisema neno moja. "Mmoja aondoke. Kesho."

Mke akasema hakuna anayeondoka.

Maisha ya zamu

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ugomvi wa pili, wa binadamu sasa. Mume alikuwa na hoja moja tu: mtoto. Yeye anaondoka wiki mbili, wiki tatu. Siku hiyo asingekuwepo, nani angemwaga ile ndoo? Mke naye alikuwa na hoja yake. Hawa amewalea toka wanakaa kwenye kiganja. Alipokuwa peke yake na mtoto mchanga usiku, ni wao waliokuwa wanalala mlangoni. Unamtupaje mtu aliyekulinda?

Wakamtafuta afisa mifugo. Hakuwa na maneno mengi. Aliwaambia wana njia mbili za heshima: kuwatenga ndani ya nyumba kwa utaratibu mkali, au kumpata mmoja nyumba nzuri. Njia ya tatu, ya kuwaacha wapigane "mpaka wapate mshindi", akaikataa kabisa. "Mshindi hapatikani," alisema. "Inapatikana maiti."

Wakajaribu ya kwanza. Daktari wa mifugo akaletwa kutoka Mbeya, wote wawili wakafungwa kizazi. Ua ukagawanywa kwa mabanzi. Sahani mbili, sehemu mbili, muda mmoja. Asubuhi Kwacha nje Shilingi ndani, mchana wanabadilishana. Kila mlango una kanuni: kabla hujafungua huu, hakikisha ule umefungwa. Mpaka shemeji aliyekuja kusalimia alipewa semina getini kabla ya kukaribishwa chai.

Kwa miezi mitatu hakuna aliyepigana. Ukitazama kwa mbali ungesema wamefaulu. Lakini ndani ya nyumba hakuna aliyekuwa anaishi. Dada alikuwa anafunga kibanda saa nane badala ya jioni ili awahi zamu. Akisikia mlango umejibamiza usingizini anaruka. Mtoto alishajifunza kusema "funga!" kabla ya kujifunza kuhesabu. Shilingi akaanza kujilamba mguu mpaka manyoya yakaisha. Kwacha alikuwa anatembea kwenye mabanzi, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka akachimba njia.

Na klipu? Ziliendelea. Hapo ndipo palipo na jambo ambalo dada mwenyewe analisema kwa sauti ya chini. Ile miezi mitatu watu waliendelea kuwaona wote wawili, kwa sababu alikuwa anaposti za zamani. Anakaa kitandani usiku, mkono una makovu, mlango umefungwa kwa komeo, anachagua klipu ya mwaka jana wamelala wamekumbatiana, anaandika "Mapacha wangu." Laiki zinaingia. Upande wa pili wa ukuta mmoja analia.

"Unafuga au unafunga?"

Aliyemaliza mjadala ni mama wa Ikinga, kwa simu. Binti alikuwa anamweleza ule utaratibu wote kwa fahari kidogo, milango, zamu, mabanzi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akauliza:

"Sasa mwanangu, hao mbwa unawafuga au unawafunga?"

Halafu akaongeza kwamba mama yao wale mbwa alikufa msimu wa mvua uliopita. Limebaki dume zee lisilo na meno, linashinda kwenye jivu. Ngedere wanamaliza mahindi. "Mlete mmoja nyumbani. Hapa hakuna jike wa kugombana naye, na mimi nipo peke yangu."

Kazi ikawa nani aende. Kila mtu alidhani jibu ni rahisi: mgomvi aondoke, mwema abaki. Yaani kama adhabu. Lakini afisa mifugo aliwageuzia swali. Usiulize nani ana makosa, alisema, uliza nani ataweza. Shilingi ni mwoga wa sauti, anatetemeka kwa pikipiki, amezoea mtoto na kochi. Kwacha ana nguvu, anapenda kazi, anachoka kukaa. Ikinga si jela. Kwa mbwa kama Kwacha, Ikinga ndiyo pepo.

Wakaenda Jumapili, na pikapu ya mjomba. Tunduma, Mpemba, barabara ya Isongole, kisha kupanda kule milimani ambako baridi inakuingia kwenye mifupa. Kwacha alisafiri kichwa kikiwa kwenye paja la dada, mkono ulewenye makovu. Mume ndiye aliyekuwa anataka aondoke toka siku ya kwanza, na mume ndiye aliyesimamisha gari mara mbili akasema wacha ashuke kidogo, achimbe dawa. Mara ya pili mbwa hakuwa na haja yoyote. Walisimama tu.

Dada alikaa siku nne kwa mama yake ili mbwa asione ametupwa. Siku ya kwanza Kwacha hakula. Siku ya pili alilifuata lile dume zee kwenye jivu, akalinusa, dume likageuza ubavu likaendelea kulala. Siku ya tatu mama alichukua jembe, na Kwacha akanyanyuka akamfuata shambani bila kuitwa. Siku ya nne hakugeuka kuangalia gari lilipoondoka, alikuwa kwenye mahindi anafukuza ngedere. Dada anasema hilo lilimuuma sana, na ndilo lililompa usingizi.

Kwa nini alikaa kimya

Kwa sababu anawajua watu wa mitandaoni. Angeandika "nimempeleka mmoja kijijini", lingegeuka "kamtupa." Kwa wengi kijijini ni mahali pa kutupia kitu ambacho mjini kimeshindikana. Na ukweli, wapo wanaofanya hivyo. Mbwa akishakua msumbufu anapakiwa kwenye buti la gari usiku, anashushwa porini au sokoni, anakuwa koko, anaanza kuonekana adui wa mtaa. Nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama toka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama, lakini nani anamshtaki jirani kwa sababu ya mbwa?

Kuna tofauti kati ya kumtupa na kumhamisha. Kumtupa ni wewe kupumzika. Kumhamisha ni kwenda naye, kukaa naye siku nne, kumwacha kwa mtu anayemtaka, na kupiga simu kila Jumapili kuuliza amekula nini. Ndani ya nyumba ya Tunduma siku hizi milango ipo wazi. Manyoya ya Shilingi yameanza kuota. Mtoto bado anauliza Kwacha yuko wapi, akijibiwa "kwa bibi" anaridhika, kwa sababu kwake kwa bibi ni mahali pazuri. Mume akiwa safarini ndiye wa kwanza kuomba picha za Ikinga.

Kabla hujachukua wawili

Kama na wewe umeona mapacha mahali na moyo umeshalainika, haya ndiyo ambayo wenye nyumba hii wangependa kuambiwa mapema.

Usichukue watoto wawili wa umri mmoja kwa mara moja. Lea mmoja mpaka akomae na akusikie, ndipo ufikirie wa pili.

Ukitaka wawili, dume na jike ndio mchanganyiko wenye amani zaidi, ila panga kizazi mapema. Mimba ya mbwa ni siku 63 tu, utashtukia una mbwa tisa.

Kama tayari una wa jinsia moja na wanaelewana, hongera, wapo wengi wanaoishi vizuri mpaka uzeeni. Walishe mbali mbali, usiache mifupa ikizagaa, kila mmoja apate muda wake na wewe peke yake, na hakuna wa kukunwa mpaka akae chini na kutulia.

Jifunze kusoma ukimya. Kuganda, kukazia macho, kuziba mlango: hayo si vituko. Mbwa anayebweka bado anaongea. Aliyeganda ameshamaliza kuongea.

Wakishikana, usiingize mkono. Maji, blanketi, ubao katikati, masufuria. Mkiwa wawili, kila mtu avute wake miguu ya nyuma kwa pamoja. Mtoto ndani kwanza, mbwa baadaye.

Chanja kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sikiliza matangazo ya halmashauri yako, na kadi usiipoteze.

Na ikifika mahali nyumba nzima inaishi kwa makomeo, jiulize lile swali la mama wa Ikinga, halafu ujibu bila kuangalia laiki.

Je, ingekuwa wewe, ungembakiza yupi: mpole aliyezoea kochi au mkorofi mwenye nguvu za kulinda geti? Na una wawili wa jinsia moja nyumbani? Wanaelewana? Tiririka hapo chini.